Radi na Stima Burat: Fanya Hivi Kabla Mvua Ikuchomee TV, Friji na Keja Yote

Kama unaishi Burat, hii picha unaijua. Saa tisa mchana jua bado linachoma, mbuzi wamejibanza kivulini, vumbi liko kila mahali. Halafu unacheki upande wa Nyambene ama Mlima Kenya, unaona wingu limekuwa jeusi ti. Dakika chache baadaye upepo unaanza kupigapiga mabati, balbu inacheza, na stima inaenda. Mtaa mzima unapiga kelele. Saa mbili usiku stima inarudi, unasikia "pap!" moja tu, na TV haiwaki tena.

Kesho yake utaambiwa ni bahati mbaya. Msee, si bahati. Mara nyingi radi haijapiga nyumba yako hata kidogo. Kilichoua TV kimepitia kwa waya, na waya ni kitu unaweza kupanga mapema. Hapa tunabonga kuhusu kazi tatu: kuifungia stima mbaya njia ya kuingia, kuipa njia ya kwenda ardhini, na kuhakikisha hakuna mtu anaumia. Ukiwa na ganji ama ukiwa umesota, kuna kitu utaweza kufanya leo.

Ni nini hasa huchoma vitu?

Kuna maadui wanne, na kila mmoja ana dawa yake. Hapo ndipo wengi hukosea: wananunua dawa ya mmoja wakidhani wamemaliza wote.

*Wa kwanza ni radi.* Radi moja ya kawaida hubeba kama ampea 30,000, na hewa inayopitia hupata joto la karibu digrii 30,000 za Selsiasi, moto kuliko uso wa jua mara kama tano. Soketi yako imetengenezewa volti 240. Radi ikipiga laini ya stima mbali na kwako, ama hata ikipiga chini karibu na laini, nguvu ya ghafla inakimbia kwa waya hadi ndani ya nyumba. Mafundi wanaiita saji. Inapita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini huo muda unatosha kuua dekoda, chaja na bodi ya TV.

*Wa pili ni stima kurudi.* Laini ikiwashwa baada ya giza, friji na pampu zote za mtaa zinaanza kuvuta kwa pamoja. Stima inapanda, inashuka, wakati mwingine inaenda tena na kurudi mara mbili tatu kabla itulie. Unakumbuka Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, Kenya karibu nzima ilipozimika usiku? Na tena Jumapili ya tarehe 10 Desemba mwaka huo huo? Siku kama hizo hauhitaji radi. Stima ikirudi vibaya, inatosha kukuchomea.

*Wa tatu ni stima ya chini.* Hii wengi huidharau kwa sababu taa inawaka, hata kama ni ya rangi ya chai. Lakini mota ya friji ikikosa nguvu ya kuzunguka, inavuta stima nyingi, inachemka, halafu inakufa polepole.

*Wa nne ni nyutro kukatika.* Huyu ndiye noma zaidi, na watu wengi hawajawahi kumsikia. Kwa nguzo kuna nyaya za laivu na waya wa nyutro. Upepo ukikata nyutro, nyumba za laini tofauti zinaanza kugawana volti 415 bila mpango. Nyumba moja inapata kidogo sana, jirani anapata karibu zote. Dalili yake ni hii: balbu zako zinang'aa kupita kiasi huku za jirani zimefifia, ama feni inazunguka kama helikopta. Ukiona hivyo usisimame kushangaa. Zima meni swichi saa hiyo hiyo.

Kwa nini Burat ina ngori yake

Mambo mengi utakayosikia kuhusu kinga ya radi yameandikwa na watu wa mahali kwenye udongo wenye unyevu. Isiolo si hivyo.

Kinga karibu yote ya stima inategemea ethi, ule waya wa kijani na manjano unaotoka kwa boksi ya breka hadi kwa fimbo ya chuma iliyopigiliwa chini. Stima mbaya ikiingia, huo ndio mlango wake wa kutokea. Sasa shida: udongo mkavu haupitishi stima vizuri. Mchanga na mawe ndiyo mbaya zaidi. Fimbo fupi ya mita 1.2 ikipigiliwa kwa udongo mkavu wa Burat inaweza kuwa pambo tu, kwa sababu waya unafika chini lakini stima haina pa kwenda.

Ongeza hesabu ya hali ya hewa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo huku kaskazini. Halafu mwisho wa 2023 El Niño ikaleta mafuriko. Hivyo ndivyo huku huenda: ardhi inakauka miezi na miezi, kisha dhoruba ya kwanza inakuja na radi zake wakati ethi yako iko kwa hali mbaya zaidi ya mwaka. Mvua hunyesha sana kati ya Machi na Mei, halafu Oktoba hadi Desemba. Kwa hivyo miezi yako ya kujipanga ni Februari na Septemba, usingoje ngurumo.

Kingine ni laini zenyewe. Nyumba ziko mbalimbali, kwa hivyo waya unatembea mbali kwenye uwanda mtupu, nguzo ikiwa ndiyo kitu kirefu kuliko vyote hapo. Mchwa hula nguzo za mbao kwa chini, na upepo unamalizia. Karibu na mto na kwenye laga, maji yanaweza kuchimba nguzo kwa saa chache.

Anza na ethi

Kabla ununue kifaa chochote, jua kama nyumba yako ina ethi inayofanya kazi.

1. *Itafute.* Zunguka nyumba uone kama kuna waya unaoshuka ukutani hadi kwa fimbo chini. Kwa nyumba nyingi utapata waya umekatwa, umeoza, ama watoto waliung'oa wakicheza. Ploti zingine haukuwekwa kabisa.

2. *Ipimwe.* Fundi mwenye kipimo cha ethi atakupa namba ya omu. Namba ikiwa ndogo ni vizuri. Kwa kinga ya radi, viwango vya kimataifa hupendekeza chini ya omu 10. Mwambie apime mwezi wa kiangazi, kwa sababu wakati wa mvua hata ethi mbovu hujifanya nzuri.

3. *Izamishwe.* Chini zaidi ndiko kuna unyevu. Fimbo ndefu ni bora kuliko fupi. Ikigonga mwamba, ongeza fimbo ya pili na uziunganishe, umbali kati yao usiwe mdogo kuliko urefu wa fimbo moja.

4. *Iwekwe mahali penye maji.* Kando ya bomba la tangi, ama mahali maji ya bafu yanamwagika, ni bora kuliko katikati ya uwanja mkavu. Kumwagia fimbo maji wakati wa kiangazi husaidia, ingawa ni kwa muda tu.

5. *Chunga ile hadithi ya chumvi.* Mafundi wa kitambo walikuwa wanajaza shimo makaa na chumvi. Inafanya kazi mwanzo, lakini chumvi husombwa na maji, na ikibaki inakula chuma. Kuna udongo maalum unaoshika maji, unaitwa bentonaiti. Huo unakaa zaidi.

Kama ulipata stima kupitia ule mradi wa Last Mile ulioanza 2015, na nyumba yako ina kibodi kidogo tu cha soketi na balbu, usidhani umesahaulika. Mwambie fundi akague ethi ya hicho kibodi pia.

Na fundi ni nani? Kenya, anayefanya waya za nyumba anatakiwa kuwa na leseni ya EPRA, na leseni zina madaraja. Kumwomba akuonyeshe si madharau. Yule wa "nitakufanyia na soo tano" atakuachia waya wa ethi umefungwa kwa msumari, na hautajua hadi siku ya radi.

Vifaa: kipi hufanya nini

Hapa ndipo chapaa za watu hupotelea. Cheki tofauti.

*Ekstensheni ya kawaida.* Haina kinga yoyote, hata ikiwa na taa nyekundu na swichi sita. Hiyo ni soketi ndefu tu.

*Gadi ya TV ama friji.* Hii inapima stima. Ikipanda sana ama kushuka sana, inakata. Stima ikirudi, inangoja dakika chache kabla iruhusu. Ni dawa nzuri ya adui wa pili na wa tatu, na inaweza kukuokoa kwa wa nne. Kwa radi pekee yake haitoshi, kwa sababu radi ina spidi kuliko swichi yake. Nunua inayolingana na kifaa: gadi ya TV ukiiwekea friji inaweza kuungua.

*Stebilaiza.* Inasawazisha stima ya chini iwe karibu na kawaida. Kama kwenu taa hufifia kila jioni na una friza ya biashara, hii ni mali.

*SPD.* Hii hukaa kwa boksi ya breka. Saji ikiingia, inafungua njia kwa muda mdogo sana na kuisukuma ardhini. Ndiyo dawa ya saji ya radi. Kwa nyumba ya kawaida mafundi huweka Aina ya 2. Kama paa lina fimbo ya radi, uliza kuhusu Aina ya 1. Mambo mawili ya kukumbuka: nyaya zake ziwe fupi, jumla isipite nusu mita, na bila ethi nzuri SPD haina kazi. Pia huzeeka. Ina kadirisha kenye rangi ya kijani, na kakigeuka kuwa kekundu, ibadilishe.

*RCD.* Hii inalinda mtu, haihusiki na kulinda TV. Mtu akishikwa na stima, inakata kabla moyo usimame. Ina kitufe kimeandikwa T. Kibonyeze kila miezi mitatu. Isipokata, haikulindi.

Kama pesa ni ya kitu kimoja kimoja, fuata huu mstari: ethi kwanza, halafu RCD, halafu gadi ya kile kitu kinakulisha, halafu SPD. Na usichukulie friji kama starehe tu. Isiolo ni mji wa maziwa ya ngamia, kuna akina mama wa ushirika wa Anolei ambao hukusanya maziwa na kuyapeleka hadi Nairobi. Mathe wa maziwa, msee wa nyama, dada wa saluni: kwao kifaa kikiungua, kazi imesimama.

Wingu likianza kujijenga

Hii sehemu ni ya bure na ndiyo hushinda vifaa vyote. Kifaa ambacho hakijashikana na waya hakiwezi kuuawa na waya.

Chomoa plagi. Usizime tu swichi ya ukutani, kwa sababu nafasi iliyo ndani ya swichi ni milimita chache, na radi iliyoruka kilomita nzima hewani haitashindwa na milimita. Chomoa kabisa, uweke plagi mbali na soketi.

Usisahau waya za pembeni. Unaweza kuchomoa TV kwa stima halafu uiache imeshikana na antena ama dishi juu ya paa. Hiyo ni kufunga mlango na kuacha dirisha. Toa pia kebo ya dekoda na ya ruta.

Fanya mapema. Jua umbali hivi: ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, halafu ugawanye kwa tatu. Sekunde 30 ni kama kilomita 10, na hapo uko tayari ndani ya hatari. Chomoa wakati bado ni mbali. Ikiwa imeshafika juu ya nyumba, sare hiyo TV. TV hununuliwa tena. Wewe kaa mbali na soketi, bomba, kuta zenye waya na dirisha la chuma, na usioge hadi ipite. Baada ya ngurumo ya mwisho, ngoja dakika 30.

Simu je? Simu mkononi haiiti radi. Simu iliyo kwa chaja ndiyo ngori, kwa sababu umejiunganisha na laini ya stima. Na ile ya kufunika vioo ama kuvua nguo nyekundu, wazee wetu waheshimiwe, lakini radi haijali rangi. Inajali urefu na njia ya kwenda chini.

Kama uko nje na mifugo, ama umejikinga kwa kibanda cha mabati, elewa kitu kimoja: paa la mabati lisiloshikana na ardhi si kinga. Uganda wanajua uchungu wa hii. Tarehe 28 Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Tarehe 2 Novemba 2024, watu 14 waliuawa wakiwa kwa maombi katika kambi ya wakimbizi ya Palabek. Jengo kubwa lenye waya na mabomba ndani ya kuta, ama gari lenye paa la chuma na madirisha yamefungwa, ni salama zaidi. Mti wa mgunga ulio peke yake uwandani ni mahali pa kuhepa.

Stima ikirudi, tulia

Hapa ndipo haraka huua vitu. Fuata hizi hatua:

1. Stima ikienda, chomoa kila kitu, uache balbu moja tu ikiwa imewashwa.
2. Ikirudi, angalia hiyo balbu kwa dakika tano hadi kumi. Inacheza? Inang'aa sana? Imefifia? Ngoja.
3. Ikitulia, rudisha kitu kimoja kimoja. Anza na vile vya bei rahisi.
4. Friji iwe ya mwisho. Gesi yake inahitaji dakika kadhaa kutulia kabla mota ianze tena. Ukiiwasha mara moja, mota inapigana na gesi.

Kama unatumia jenereta, usiwahi kuichomeka kwa soketi ya ukuta na ile waya yenye plagi pande mbili. Stima itatoka kwako, ipande nguzo, na imuue fundi anayetengeneza laini gizani. Weka swichi ya kubadilisha laini. Na jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Moshi wake huua watu usingizini bila harufu ya kuwaamsha.

Maji yakiingia ndani, waya ukianguka

Hapa tunawacha mambo ya TV. Hapa ni uhai.

Kama mko karibu na mto Isiolo ama laga, panga kabla ya msimu: ekstensheni zitoke sakafuni, soketi zipandishwe juu ya alama ya maji ya mara ya mwisho. Maji yakianza kuingia, zima meni swichi, lakini tu kama miguu yako na mikono ni mikavu na unaifikia bila kukanyaga maji. Kama maji yameshafika, toka nje na watu wako, uwapigie Kenya Power.

Maji yakiisha, usijaribu "kuona kama inawaka." Tope linabaki ndani ya soketi hata kama nje kumekauka. Fundi apime waya kwanza. Friji iliyozama ifunguliwe na ikaushwe kabla iguswe na stima.

Waya ukianguka chini, uchukulie uko na stima hata kama mtaa mzima ni giza. Laini inaweza kuwashwa wakati wowote. Kaa angalau mita 10 mbali, zaidi kama ardhi imelowa, na uzuie watoto. Ukijikuta tayari uko karibu, usikimbie wala kuruka hatua ndefu. Buruta miguu ikiwa pamoja hadi utoke.

Sasa hii ni ya wafugaji. Waya ukilalia ua wa seng'enge, ua wote unaweza kuwa na stima hadi mwisho wake. Ukikuta mbuzi ama ngamia amelala kando ya waya, najua ni mali, najua ni karo ya mtoto. Usimguse. Wanyama hufa haraka kwa sababu miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbali, stima inapanda kwa mmoja na kushuka kwa mwingine. Anayekimbia kumwokoa hufuata. Rudisha wengine nyuma, simama mbali, piga 97771 ama tumia *977#, useme jina la mahali na namba iliyo kwa nguzo kama unaiona ukiwa mbali.

Mtu akipigwa na radi, tofauti na aliyeshikwa na waya, mwili wake haubaki na stima. Mguse, na kama hapumui anza kumbonyeza kifua mara moja huku mwingine anatafuta gari. Aliyeshikwa na waya, kata stima kwanza.

Wa sola, pia nyinyi

Kama manyatta ama keja yako inaendeshwa na sola, usikae kando ukicheka wa tokeni. Paneli haiiti radi, lakini iko juu na ina waya mrefu unaoingia ndani. Wingu likijijenga, chomoa waya wa paneli kwa kile kiboksi. Kumbuka paneli hutoa stima bora tu kuna mwanga, kwa hivyo usiguse ncha za waya, na kwa mfumo mkubwa tumia swichi yake ya kukata. Chuma kilichoshika paneli kiunganishwe na ethi ile ile ya nyumba. Nyaya mbili za paneli zipite pamoja zikiwa zimeshikana, kwa sababu zikiachana zinafanya duara kubwa ambalo hunasa saji. Kama una inveta ya pesa mob, weka SPD upande wa paneli na upande wa nyumba.

Wewe ni mpangaji?

Meni swichi ni ya landilodi, lakini TV ni yako. Mwulize keateka swali moja: "Ethi ya hii ploti iko wapi?" Akikosa jibu, ongeeni kama wapangaji mkiwa pamoja, kwa sababu ethi moja nzuri inalinda vyumba vyote. Na kama ploti imevutiwa waya mmoja kutoka kwa jirani, bila breka wala ethi, jua gadi yako haina msaada mkubwa hapo. Mvua ikifika huo waya ukiguswa na bati, nyumba yote inakuwa laivu.

Na kama imeshaungua?

Usifungue kifaa mwenyewe. Piga picha, andika siku na saa, uliza majirani kama nao wameunguliwa. Ripoti kwa Kenya Power na uhifadhi namba ya ripoti. Mita ikizima ama ikinuka, usiguse sili yake. Soketi yenye alama nyeusi isitumike tena, hata kama bado inafanya kazi, kwa sababu ndani imelegea, na moto huanzia hapo.

Leo jioni, kabla ulale, fanya vitu vitatu visivyo na bei. Zunguka nyumba utafute waya wa kijani na manjano uone kama unafika ardhini. Bonyeza kitufe cha RCD kama kipo. Halafu onyesha kila mtu wa nyumba, hadi yule mdogo anayefikia, mahali meni swichi iko na lini asiiguse. Wingu likitokea Nyambene wewe ukiwa kazini, yule aliye nyumbani ndiye atakayechomoa plagi.